Mzaliwa wa Lamu na sarufi ya kuandika

Barazani Lamu, akitajwa kijana anayetaka kuandika hadithi, hakosekani wa kusema kwamba sarufi ni ya wageni. Sisi Kiswahili tumezaliwa nacho.

Kauli hiyo ina ukweli wake. Mtoto wa Lamu hupatanisha ngeli kabla hajashika kalamu, na Kiamu, lahaja ya Lamu, kina kanuni zake kamili: njia ni ndia, njoo ni ndoo, kucheka ni kuteka. Si Kiswahili kibovu hata kidogo. Ila msomaji wa Tabora akikuta "aliteka", atadhani ni maji ya kisimani, au mtu kachukuliwa mateka. Mwandishi anaweza kuliacha neno hilo makusudi mdomoni mwa mhusika, mradi anajua alifanyalo.

Tena barazani sauti na mkono husaidia. Kwenye karatasi havipo. Chukua sentensi hii: "Nilimwona mtoto wa nahodha aliyezama." Nani kazama? Haijulikani. Lakini "kikapu cha nahodha kilichozama" hakina utata, kwa sababu ya ile ki- tu. (Mimi huipenda sana.)

Kujipima ni rahisi. Mpe jirani aya yako aisome kwa sauti, wewe nyamaza, kisha mwulize nini kimetokea. Anapokwama, rudi hapo. Ukitilia shaka ngeli, fungua kamusi. Nyingi huionyesha kando ya nomino. Tazama kiboko: yule mnyama ni a-/wa-, cha kuchapia ni ki-/vi-.