Je, wajua kwa nini wafugaji wa Uholanzi walifunga barabara, lakini wa Denmark wakakubali kodi?

Juni 2022, serikali ya Uholanzi ilitoa ramani. Kila eneo lilipewa asilimia ya nitrojeni inayotakiwa kupungua, na karibu na baadhi ya hifadhi za asili ilifika 95. Nitrojeni hiyo, ambayo ikizidi hudhuru mimea ya asili, hutoka kwa wingi kwenye mkojo na kinyesi cha mifugo, kwa hiyo mfugaji aliyeliona zizi lake ndani ya eneo hilo hakuhitaji mfafanuzi. Kupunguza asilimia 95 ni kufunga banda. Matrekta yakaingia barabara kuu. Machi 2023, BBB, chama cha wakulima kilichoanzishwa 2019 tu, kikaongoza kwa kura katika uchaguzi wa majimbo.

Juni 2024, Denmark ilifikia makubaliano ya kutoza kodi gesi zinazotoka kwa mifugo, kodi ya kwanza ya aina yake duniani. Ng'ombe alipiwe kodi kwa kucheua! Ungetarajia vurugu kubwa zaidi. Badala yake, chama kikuu cha wakulima kilikuwa miongoni mwa waliokubali.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni wakati ambao wafugaji waliitwa. Denmark, wataalamu walitangulia kuweka mezani njia tatu, kuanzia kroni za Denmark 125 hadi 750 kwa tani ya hewa ya ukaa. Hakuna iliyokuwa imepitishwa. Ndipo wakaketi serikali, wakulima, watetezi wa mazingira, wenye viwanda, serikali za mitaa, hata chama cha wafanyakazi wa machinjio, maana mifugo ikipungua wao ndio hukosa kazi kwanza. Wakatoka na kroni 300 mwaka 2030 na 750 mwaka 2035, lakini kwa punguzo la asilimia 60, hivyo anacholipa mfugaji hasa ni 120, kisha 300. Mapato ya mwanzo yanarudi kwenye kilimo chenyewe. Wapo wafugaji waliokasirika hata hivyo, na wapo wanamazingira walioona kiwango ni kidogo mno. Lakini namba zile zina alama za mikono ya wengi.

Uholanzi nako watu walikuja kuketi, ila ramani ilikuwa imeshatoka. Mazungumzo yakavunjika Juni 2023, chama kikuu cha wakulima kilipojitoa. Tuwatendee haki kidogo: hukumu ya mahakama ya Mei 2019 kuhusu nitrojeni ilikuwa imebana serikali, na mwenye haraka huona mashauriano kama kupoteza muda. Lakini kumwita mtu baada ya uamuzi ni kumwalika karamuni aje kuosha vyombo.

Kuna sababu nyingine ya kuwaita wadau mapema, nayo haihusu hasira. Mfugaji anajua mambo ambayo ofisi haiyajui. Sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe kwa karne nyingi, ulitangazwa kutokomezwa 2011, wa pili tu katika historia baada ya ndui. Ngome zake za mwisho zilikuwa kwa wafugaji wa kuhamahama wa Afrika Mashariki, mahali ambapo magari ya chanjo hayakufika. Mambo yalibadilika ilipopatikana chanjo inayostahimili joto, na jamii zikachagua watu wao wenyewe wa kufundishwa kuchanja. Wao ndio walijua mifugo iko malisho gani mwezi gani. Madaktari nao wakajifunza kuwauliza wazee dalili walizoziona, hata zile hafifu ambazo mgeni angepita bila kuzitambua.

Shida inayobaki ni nani hasa huitwa "mdau". Chama chenye ofisi na mwanasheria hupata barua ya mwaliko. Mwenye mbuzi watano haipati. Mwanamke anayekamua na kutibu mifugo kila siku mara nyingi haipati pia, kwa kuwa mifugo imeandikwa kwa jina la mume. Basi ukialikwa kutoa maoni kuhusu sera ya mifugo, isome rasimu kabla hujatafuta kiti. Tafuta humo kitu ambacho bado hakijaamuliwa: kiwango, tarehe, nani atalipa. Usipokiona hata kimoja, uliza kabla kikao hakijafunguliwa ni kipi kinaweza kubadilika.