Cheti cha nje, chuo kikuu cha Zanzibar: anza na ulinganifu

Msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, vijana waliomaliza sekondari Oman, Misri, Sudan au Komoro huchukua vyeti vyao wakavipeleka moja kwa moja SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu. Udahili hauwezi kwenda hivyo. Si kazi ya chuo kuamua asilimia 82 ya Muscat ni daraja gani hapa kwetu. Anayeamua ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na ombi lake hutangulia fomu ya chuo.

Usikosee mlango: cheti cha sekondari kinalinganishwa NECTA, stashahada NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na shahada ya chuo kikuu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Dirisha la maombi halimsubiri aliyezungushwa.

Ulinganifu haumaanishi tu kwamba cheti ni cha kweli. Unakiweka cheti kwenye ngazi: ni kidato cha nne au cha sita? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Uganda sekondari wanakwenda kama sisi, miaka minne kisha miwili, kwa hiyo UACE, cheti chao cha kidato cha sita, inasomeka kwa urahisi. Mfumo wa Kenya wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, hauna kidato cha tano wala cha sita. Mwenye C+ ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ambayo kule inamfungulia chuo kikuu, asijihesabu kuwa sawa na wa kidato cha sita mpaka barua ya ulinganifu iseme hivyo. Mwenye Thanawi, cheti cha sekondari cha nchi za Kiarabu, naye vivyo hivyo. IGCSE, mtihani wa kimataifa kama ule wa Cambridge, ni ya ngazi ya kidato cha nne hata kama alama zote ni A.

Alama zikishageuzwa, hesabu ya kawaida ya kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1. D mbili zinatosha. D na E hazitoshi. Hicho ni kiwango cha chini tu, kozi nyingi zinataka zaidi na zinataja masomo yenyewe.

Sasa majina, maana ndiyo yanayokwamisha watu wetu kuliko alama. Mtoto ameandikwa Ali Khamis Bakari kwenye cheti cha kuzaliwa. Skuli ya Kiarabu inamwandika kwa herufi za Kiarabu, pengine na "bin" katikati na kabila mwishoni. Mfasiri anairudisha: Aly Khamees Bakry. Kwenye mfumo wa maombi huyo ni mtu mwengine kabisa. Dawa ni kumpa mfasiri nakala ya pasipoti kabla hajaanza, anakili majina herufi kwa herufi. Kama tafsiri imeshapigwa muhuri, itabidi hati ya kiapo inayotaja maandishi yote ya jina hilo pamoja na namba ya cheti cha kuzaliwa. Wazazi, lishughulikieni hili mtoto akiwa bado skuli kule. Kurekebisha ukiwa Wete ni kazi nzito.

Pelekeni cheti kamili, si karatasi ya matokeo ya muda. Matokeo ya Cambridge hutoka kwanza na vyeti hufuata baadaye, kwa hiyo aliyemaliza karibuni apange muda wake akijua hivyo. Ripoti ya skuli peke yake haisimami badala ya mtihani wa taifa.

Anayetoka Zanzibar kwenda nje anafuata njia ya kinyume: anaiomba NECTA uthibitisho wa matokeo upelekwe moja kwa moja kwenye chuo husika, kisha, nchi anayokwenda ikitaka, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi au ubalozi mdogo. Na tafadhali, msiwekee cheti plastiki ya moto. Muhuri haushiki juu yake, na kuibandua ni kukichana cheti chenyewe.