Mkono wa adui: maovu ya zamani yanavyoendesha hadithi za mashabiki

Hadithi ya shabiki ni ile anayoiandika msomaji mwenyewe kwa kutumia wahusika na ulimwengu wa kazi aliyoipenda. Humo adui ana kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: anapambana na steringi, anashinda au anashindwa. Ya pili imejificha, nayo ndiyo inayoibeba hadithi. Mambo aliyoyatenda kabla hata ya sura ya kwanza yanaendelea kuzaa matukio hata kama mwenyewe amefungwa, ametoroka au amekufa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Adui aliyeandikwa vizuri hayupo, lakini lake lipo.

Jambo hilo tuliite mkono wa adui. Lisichanganywe na usuli. Usuli unaeleza adui alizaliwa wapi, alilelewa na nani, na kwa nini roho yake iliharibika. Mkono wa adui ni tendo la zamani ambalo lina mbebaji hadi leo, awe mtu au kitu, na ambalo linamlazimisha mhusika mwingine kuamua jambo ambalo asingeliamua. Ukikosekana ubebaji au ulazima, ulichonacho ni historia, na historia msomaji anaweza kuiruka bila kupungukiwa. Namna ya kupima ni kulifuta tendo hilo, kisha kuisoma hadithi yako upya. Kama hakuna sura iliyoanguka, mkono haukuwepo.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Harry Potter, vitabu saba vya J.K. Rowling kuhusu kijana mchawi, Harry, na adui yake Voldemort. Mashabiki wameuandikia ulimwengu huo hadithi nyingi mno, na matukio yake yana miaka inayohesabika, kwa hiyo makosa yanaonekana upesi. Tom Riddle, ambaye baadaye alijiita Voldemort, alizaliwa tarehe 31 Desemba 1926 na kulelewa katika kituo cha yatima London. Aliingia shule ya uchawi ya Hogwarts mwaka 1938. Mwaka 1943 alifungua Chumba cha Siri, na joka la Basilisk likamuua mwanafunzi mmoja, Myrtle. Uongozi ukafikiria kuifunga shule. Riddle hakutaka kurudishwa kituoni, basi akatafuta wa kumtupia lawama: Hagrid, mvulana wa mwaka wa tatu aliyekuwa akifuga buibui mkubwa, Aragog, kwa siri.

Lifuate tendo hilo moja la kumsingizia Hagrid. Hagrid anafukuzwa na fimbo yake inavunjwa, lakini Dumbledore, mmoja wa walimu, anamwombea abaki shuleni kama mtunza viwanja. Aragog anakimbilia msituni na kuzaa ukoo mzima wa buibui. Miaka 50 baadaye Chumba kinafunguliwa tena, na Wizara ya Uchawi inamkamata Hagrid bila ushahidi mpya, kwa sababu tuhuma ya zamani haijawahi kufutwa. Harry na rafiki yake Ron wanaingia msituni kutafuta ukweli na nusura waliwe na watoto wa Aragog. Kisha mwaka 1997 Aragog anakufa kwa uzee. Baada ya maziko Hagrid na Profesa Slughorn wanalewa, na usiku huo Harry anaipata kumbukumbu ambayo Slughorn aliificha kwa aibu miaka mingi: Riddle kijana akiulizia Horcrux, vitu vya kuhifadhia vipande vya roho. Hapo ndipo Harry na Dumbledore wanapopata uhakika wa namna Voldemort alivyokusudia kukikwepa kifo. Uongo aliousema mvulana wa miaka 16 ili asirudishwe kituoni umesaidia kumwangusha.

Hakuna aliyeupanga mlolongo huo, Voldemort hata kidogo. Waandishi wengi wapya hujikwaa hapa. Wanamfanya adui awe amehesabu kila kitu tangu miaka 50 iliyopita, na hadithi inakuwa ya mwerevu mmoja na vikaragosi vyake. Tendo likishatoka mikononi mwa mtendaji linachukua njia yake. Shajara ya Riddle, ambayo nayo ilikuwa Horcrux, ni hivyo hivyo. Voldemort alimkabidhi mfuasi wake Lucius Malfoy aitunze, bila kumwambia ni nini hasa. Lucius akaitumia kwa ugomvi wake na akina Weasley, familia ya Ron, akaipenyeza kati ya vitabu vya Ginny, dada yake Ron, mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikaharibiwa. Voldemort alipokuja kujua alikasirika vibaya sana.

Wabebaji wa mkono wa adui si wa aina moja, na hawana uzito sawa. Vitu ndivyo rahisi zaidi: pete, kidani, kikombe, taji, ambavyo Voldemort alivigeuza Horcrux. Kwa kuwa ni rahisi, mashabiki huvitumia kupita kiasi, hata hadithi ikageuka orodha ya kutafuta na kuvunja. Watu wana uzito zaidi, kwa sababu mtu ana hiari. Voldemort alipotaka kuijaribu sumu iliyokilinda kidani chake pangoni, alimtumia Kreacher, kiumbe mtumishi wa ukoo wa Black, kisha akamwacha afie humo. Kreacher alirudi nyumbani kwa uchawi wa viumbe wenzake, kwa sababu bwana wake Regulus alikuwa amemwamuru arudi. Regulus, aliyekuwa mfuasi wa Voldemort, alipoona alivyotendewa mtumishi wake aligeuka. Alikwenda pangoni akabadilisha kidani, akafia huko. Voldemort hakumhesabu mtumishi kuwa ni mtu wa kuogopwa, na ndipo alipopatikana.

Mbebaji ambaye mashabiki humsahau ni uongo. Angalia mwandiko wa Riddle. Kifo cha Myrtle kiliangukia kwa Hagrid. Baba yake mzazi na wazazi wa baba yake aliwaua mwenyewe, lawama akambebesha mjomba wake, Morfin. Hepzibah Smith, aliyevimiliki kikombe na kidani, alipouawa kwa ajili ya vitu hivyo, aliyehukumiwa ni Hokey, mtumishi wake mzee. Morfin na Hokey walibadilishwa hata kumbukumbu, wakakiri makosa ambayo hawakuyatenda. Kwa hiyo shabiki anayetaka kumtungia Voldemort uovu mpya wa miaka ya 1940 aulize kwanza: nani alisingiziwa? Mauaji ya wazi yasiyo na wa kubebeshwa lawama hayafanani na Riddle wa miaka hiyo, na msomaji mzoefu atahisi hivyo hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kuna pia desturi na hofu. Voldemort aliomba kazi ya kufundisha somo la kujikinga na uchawi wa giza, Dumbledore akamkatalia, na tangu hapo hakuna mwalimu wa somo hilo aliyemaliza zaidi ya mwaka mmoja. Laana hiyo ndiyo inayoleta mwalimu mpya kila mwaka wa masomo wa Harry. Ukimweka mhusika wako katika nafasi hiyo miaka mitatu mfululizo bila kueleza laana imekwenda wapi, umevunja ulimwengu uliouazima.

Mambo yanakuwa magumu kwenye njia panda, yaani tukio ambapo hadithi ya shabiki inaachana na ile ya asili. Sheria yenyewe ni nyepesi kuisema: kila kilichotendwa kabla ya njia panda kinabaki, na kila kinachofuata baada yake lazima kihesabiwe upya. Kuitekeleza ndiko kunakowashinda wengi.

Chukua wazo linalopendwa sana: Sirius Black, rafiki wa baba yake Harry na kaka yake Regulus, ndiye anayemlea Harry. Njia panda iko mahali panapojulikana, kwenye magofu ya nyumba ya akina Potter, baada ya Voldemort kuwaua wazazi wa Harry tarehe 31 Oktoba 1981 na mwenyewe kuanguka aliposhindwa kumuua mtoto. Sirius anamwomba Hagrid ampe mtoto, Hagrid anakataa kwa kuwa Dumbledore ameagiza vingine. Katika hadithi yako Hagrid anakubali. Sawa. Sirius hamfukuzi Pettigrew, rafiki aliyewasaliti akina Potter, hafungwi miaka 12 katika gereza la Azkaban, na mtoto anapata mlezi anayempenda.

Lakini kovu la usiku huo liko palepale kwenye paji la uso wa Harry, na ndani ya mtoto kuna kipande cha roho ya Voldemort ambacho hata Voldemort hajui kuwa kipo. Shajara iko kwa Malfoy. Kikombe kiko Gringotts, benki ya wachawi, katika chumba cha hazina cha Bellatrix, mfuasi wa Voldemort. Pete iko kwenye kibanda cha akina Gaunt, taji limefichwa Hogwarts. Na kidani? Regulus alikufa mwaka 1979, na Kreacher alikirudisha nyumbani kwa akina Black akishindwa kukivunja. Sirius akija kuirithi nyumba hiyo na kumpeleka mtoto huko, atakuwa amemlaza chini ya paa moja na kipande kingine cha roho ya aliyewaua wazazi wake. Waandishi wengi wa wazo hili hawalioni hilo kabisa, ilhali hadithi nzima ingeweza kujengwa juu yake.

Kisha hesabu yanayofuata. Kinga ya damu iliyotokana na Lily kujitoa kwa ajili ya mwanawe ilifanya kazi kwa sababu Harry alikaa kwa dada yake Lily, Petunia. Kwa Sirius kinga ya nyumbani haipo, na wafuasi wa Voldemort bado wako nje wakimtafuta bwana wao. Wazazi wa Neville, mwanafunzi mwenzake Harry, waliteswa hadi kupoteza akili baada ya Voldemort kuanguka, na waliofanya hivyo ni Bellatrix na wenzake. Hilo liko upande wa pili wa njia panda, kwa hiyo bado linazuilika. Ama mwandishi alizuie na kusema nani alizuia na kwa gharama gani, ama aliache kwa kujua. Kulipita kimya ni uzembe. Na Pettigrew akibaki huru bila kujigeuza panya na kufugwa na akina Weasley kama katika vitabu, nani atamhudumia Voldemort mwaka 1994 hadi apate mwili tena? Jibu lolote linafaa mradi lipo.

Kosa jingine kubwa ni ujuzi unaovuja. Shabiki anajua kila kitu kwa sababu amesoma vitabu vyote saba, naye huwagawia wahusika wake bila kujijua. Mwaka 1991 hakuna mwanafunzi hata mmoja anayejua neno Horcrux. Mhusika wako wa miaka 11 akiitilia shaka shajara tupu, lazima awe na sababu yake mwenyewe, si sababu yako wewe. Tena ujinga wa wahusika ndio unaoupa mkono wa adui nguvu: Ginny aliiandikia shajara siri zake kwa sababu ilimjibu kwa upole.

Kabla ya kuandika, chora jedwali la safu tano kwenye karatasi. Safu ya kwanza ni tendo na mwaka wake. Ya pili, mbebaji wake sasa. Ya tatu, nani anajua leo, na anajua kiasi gani. Ya nne, litafanya nini likiachwa. Ya tano, nini kinaweza kulikata. Kwa hadithi ya sura 20, mistari 8 hadi 12 inatosha. Zaidi ya hapo msomaji anachoka kufuatilia. Mstari ambao safu yake ya tatu inasema "kila mtu" hauna siri ya kufichua, na ule ambao safu yake ya tano iko tupu utakubana mwishoni, kwa hiyo ujaze mapema.

Wakati wa kuandika, usimwage jedwali ndani ya hadithi. Sura moja ibebe tendo moja la zamani kwa uwazi na pengine dalili ya jingine. Dalili iwe kitu kinachoshikika. Harry na wenzake walipokuwa wakisafisha nyumba ya akina Black mwaka 1995, walikuta kidani kizito kisichofunguka, wakakitupa pamoja na takataka. Ni sentensi moja tu. Msomaji aliipita, na vitabu viwili baadaye akairudia kwa mshtuko.

Limebaki wazo la kumwokoa adui mwenyewe: mhusika anarudi nyuma katika wakati, anamkuta Tom Riddle angali mtoto au kijana, anamgeuza. Hapa mwaka unaamua kila kitu. Ukimfikia kabla ya 1938, una mtoto mkatili lakini si muuaji. Sungura wa mtoto mwenzake amekwisha kunyongwa, na watoto wawili wametishwa ndani ya pango la baharini, pango lile lile alikokuja kukificha kidani ukubwani. Watoto hao wawili, Amy Benson na Dennis Bishop, ni mistari ya jedwali lako, wape sauti. Ukimfikia baada ya 1943, Myrtle amekwisha kufa na roho yake imebaki chooni alimouawa, Hagrid hana fimbo. Upendo wa mhusika wako haumfufui Myrtle. Vitabu vyenyewe vinasema roho iliyopasuliwa huungwa kwa majuto tu, na kwamba maumivu yake yanaweza kuua. Riddle anayetubu kwa busu moja katika sura ya 15 amesamehewa na mwandishi, si na aliowakosea.

Toba inayosomeka ni ile inayorudi kwa wabebaji mmoja mmoja. Katika hadithi inayoanza 1945, mtu wa kwanza ni Morfin. Anakaa Azkaban akiamini kwamba aliua, na anayeweza kusema kwamba hakuua ni Riddle peke yake. Riddle akikiri, anaingia yeye. Iandike sura hiyo kabla ya sura yoyote ya mapenzi.