Je, wajua kwa nini jiwe zito haliwezi kugundisha bakuli la vipande?

Kwenye karakana nyingi za useremala hapa Tanga, vipande vifupi vya mtiki, vile vinavyobaki mlango ukishakatwa, huishia kuwa kuni. Huwa naumia nikiviona jikoni, maana mtiki wa Longuza kule Muheza ni mbao nzuri mno kuivishia maharage. Vipande hivyo vinatoa bakuli. Unakata 12, kila ncha kwa digrii 15, unavigundisha viwe pete. Pete unazipanga moja juu ya nyingine, maungio yakipishana kama matofali ya ukuta, kisha unakereza, yaani unalichonga likizunguka kwenye mashine.

Kijana anayejifunza kwangu aliniuliza: "Fundi, gundi si ni kali yenyewe? Kibanio cha chuma cha nini, na mawe yamejaa nje?"

Swali lake ni la haki. Wengi tunadhani kubana ni kuzuia vipande visihame mpaka gundi ikauke, kumbe hiyo ni kazi ndogo. Gundi nyeupe ya seremala ni chembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Mbao inayafyonza maji, chembe zinasogeleana, zinashikana. Gundi ikibaki nene, maji ya katikati yanakawia kutoka, na ikikauka inasinyaa na kuacha uwazi usiouona kwa macho. Ikiwa utando mwembamba kabisa, mbao itapasuka kabla ya ungio kuachia. Nguvu ya kubana ndiyo inayoufanya utando huo.

Sasa tupige hesabu. Pete yenye kipenyo cha sentimita 20 nje na 14 ndani ina uso wa takriban sentimita 160 za mraba. Mbao ngumu hutakiwa kubanwa kwa kilo 12 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni kilo 1,920, karibu tani 2. Jiwe la kilo 20 linaipa kila sentimita gramu 125 tu. Ungehitaji mawe 96, tena yakae sawasawa!

Bakuli langu la kwanza nililikandamiza kwa tofali na ndoo ya maji. Liliachia likiwa kwenye mashine. Bakuli la sentimita 20 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 38 kwa saa. Kipande kilipita kando ya sikio langu, na tangu siku hiyo sikandamizi pete kwa jiwe.

Kibanio chenyewe si kitu cha kuagiza. Mpe fundi wa kuchomelea vyuma akuungie fremu ya mstatili iliyosimama, yenye boriti nene ya chuma juu na nyingine chini. Katikati ya boriti ya juu weka skrubu ya jiriwa kuukuu, kile kibanio cha mezani cha mafundi. Kama skrubu hiyo inashuka milimita 4 kwa mzunguko mmoja na mpini wake una urefu wa sentimita 25, nguvu ya mkono inaongezeka karibu mara 390. Msuguano hula sehemu kubwa sana. Ukila hata tisa katika kumi, kilo 20 za mkono wako bado zinatoa karibu kilo 800. Kwa pete ndogo zinatosha. Kwa ile ya sentimita 20 mimi hutumia jeki ya gari ya tani 4, niliyoiweka chini ya boriti ileile, na springi mbili za kuirudisha juu.

Mafundi wengi hukosea kwenye sahani ya kukandamizia. Skrubu inasukuma katikati, lakini katikati ya pete ni tundu! Sahani ikiwa nyembamba inabonyea kwenye tundu hilo na kingo zake zinanyanyuka, hivyo pete inabanwa upande wa ndani, nje inabaki wazi. Gundisha plaiwudi tatu nene, au tumia bamba la chuma lisilopinda. Na usiifunge sahani kwenye skrubu ikakaza. Iache iyumbe kidogo ili ijilaze yenyewe juu ya pete. Tandika nailoni juu na chini, la sivyo kibanio nacho kitaganda.

Kabla ya hapo, sugua uso wa pete kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo kinene, mpaka pete mbili zikikutana mwanga usipite. Jeki haiponyi uso uliopinda. Mtiki una mafuta, kwa hiyo ufute kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Ncha za vipande hunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji, basi zipake mara mbili. Pete yenyewe ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana kibanio ni cha kuunganisha pete kwa pete.

Pete iliyopakwa gundi inateleza kama sabuni. Kaza kidogo, subiri dakika moja gundi iume, hakikisha haijahama, ndipo ukaze kwa nguvu. Zunguka na taa: shanga ndogo za gundi zinatakiwa kutokea pande zote, kwa ukubwa mmoja. Palipo pakavu, legeza upesi upake tena, maana joto letu halikupi zaidi ya dakika chache.