Pat Garrett na Billy the Kid: kuku waliofukiwa mchangani

Kazi yangu ni kuedit picha za sinema, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namuwekea kwanza dakika chache za mwanzo za Pat Garrett and Billy the Kid ya Sam Peckinpah, ya mwaka 1973. Simwelezi kitu, namwambia tu angalia, halafu tunarudisha nyuma tunaangalia tena.

Mwanzo wenyewe uko hivi. Kuna mzee kwenye gari la farasi karibu na Las Cruces, New Mexico, rangi imefifia kama picha iliyokaa ukutani miaka mingi, maandishi yanasema 1909. Huyo ndo Garrett, aliyewahi kuwa sherifu. Anagombana na mwenzake, mara anapigwa risasi, na kabla hajafika chini tunarushwa mpaka Fort Sumner mwaka 1881, huko rangi zimejaa na vijana wanacheza shabaha, wamefukia kuku mchangani mpaka shingoni wanalenga vichwa. Billy, yule jambazi kijana anayesakwa na sheria, anafyatua, kichwa cha kuku kinaruka, hapohapo mzee wa 1909 anapepesuka. Halafu Garrett wa 1881 mwenyewe anafika, bado ana nguvu zake, naye anafyatua, na yule mzee anazidi kwenda chini. Yaani ukizima sauti kabisa ukafuata mikato peke yake, unaona Billy anamuua Garrett na Garrett anajiua mwenyewe, wakati historia nzima inajua Garrett ndo alimuua Billy. Hakuna mtu aliyesema hayo kwa mdomo, ni mkasi tu.

(Garrett wa kweli aliuawa tarehe 29 Februari 1908, kwa hiyo picha imekosea mwaka, ila mkato uko palepale.)

Sasa hicho kipande ndo studio ilikitoa. MGM, studio ya Hollywood iliyotoa picha hii, wakati huo ilikuwa chini ya James Aubrey, walitaka picha iingie kumbini haraka na iwe fupi, wahariri waliotajwa ni sita kwa picha moja, na iliyotoka 1973 ilikuwa ya dakika 106 bila yule mzee wa Las Cruces. Matatizo yalishaanza tangu Durango, Mexico walikoshutia, kiungo kinachoshika lenzi kwenye kamera moja kilipinda na shoti kibao zikatoka na ukungu, studio ikagoma kulipia kurudia. Naumia kila nikifikiria hao watu sita mezani, na vipande vibovu na saa inakimbia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria yetu, steringi hafi. Ukiangalia ile ya dakika 106 unakaa na sheria hiyohiyo kichwani, unasubiri kuona nani atamuwahi nani, na kama ni hivyo tu basi picha inaonekana inajivuta, watu wanakaa, wanakunywa, wanaongea polepole. Lakini ukishamuona Garrett anakufa dakika ya kwanza, huna tena cha kusubiri, unajua wote wawili wameshakwisha, na ule upole wote unageuka unakuwa mzigo kifuani.

Mwaka 1988, Peckinpah akiwa ameshafariki tangu 1984, ndo likatoka toleo la dakika 122 lenye mwanzo wake. La 2005 lina dakika 115. Mimi naipenda ya 122 kwa moyo wote, ila kuna sehemu moja naipa ushindi ile iliyokatwa ya 106. Sherifu mzee, Slim Pickens, amepigwa risasi ya tumbo, anatembea taratibu mpaka ukingoni mwa mto, anakaa kushika tumbo lake na kuangalia maji jioni ile, mkewe, Katy Jurado, amepiga magoti mbali kidogo, machozi yanamtoka, na hawaambizani kitu. Ile ya kumbini ina sauti ya Bob Dylan akiimba Knockin' on Heaven's Door, ya 1988 ina ala tu. Ukimya ni mzuri, nakubali, ila pale wimbo unabeba maneno ambayo wale wawili hawawezi kuyasema.

Ukiweza anza na ya 122, na usiruke mwanzo hata kama unaona kuku wanakuchefua. Kwa sababu usiku ule wa tarehe 14 Julai 1881, nyumbani kwa Pete Maxwell, Garrett anapompiga Billy risasi gizani, anageuka anajiona kwenye kioo, na risasi inayofuata anaipiga kwenye kioo. Ile sura inayovunjika tulishaiona inaanguka kutoka kwenye gari la farasi.