Mkutubi wa hospitali si mpanga rafu

Mbeya, kama kwingineko, wengi huamini mkutubi wa afya kazi yake ni kupanga vitabu, na kwamba daktari mwenye simu janja hamhitaji. Si kweli.

Chukua swali la wodini: mjamzito anayeishi na VVU aanze dawa za kukinga kifua kikuu sasa, au asubiri ajifungue? Tafiti zimetoa majibu yanayopishana. PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Ukitafuta harakaharaka unapata kinachojitokeza kwanza, si lazima kilicho imara. Mkutubi hulichambua swali kwanza: mgonjwa yupi, tiba ipi, ikilinganishwa na nini, matokeo gani. Kisha hutafuta kwa visawe na istilahi rasmi, huandika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia, na huleta hata tafiti zinazompinga daktari. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote. Uamuzi wa tiba unabaki kwa daktari na mgonjwa.

Wala si jambo geni. Mkutubi Gertrude Lamb alianza kuwapeleka wakutubi wodini pamoja na madaktari huko Kansas City, Marekani, mwaka 1971. Kuhusu gharama ya kuzisoma tafiti hizo, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia tangu 2002, Tanzania ikiwemo.