Altrasaundi haisemi jina la uvimbe
Mtoto akivimba tumbo, wengi wetu hapa Uganda huamini altrasaundi ikishapigwa jibu limepatikana: ni saratani au si saratani. Sivyo.

Mashine hiyo hutuma mawimbi ya sauti mwilini na kuchora picha kutokana na mwangwi wake. Huonyesha ukubwa wa uvimbe, kama umejaa maji au ni nyama tupu, na mara nyingi kiungo ulikoanzia. Gesi ya tumboni huweza kuficha mengine. Aina yenyewe hujulikana kwa kuchukua kinyama kidogo na kukitazama kwa hadubini.

Na aina ndiyo huamua tiba. Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ya mwili ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala, hutibiwa hasa kwa dawa. Uvimbe wa Wilms, wa figo, kwa kawaida huhitaji pia upasuaji. Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa mtoto apelekwe Taasisi ya Saratani pale Mulago akachukuliwe kinyama, usidhani kipimo cha kwanza kilikosewa. Mpeleke upesi, tafadhali: Burkitt inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache tu.